Mrija wa mgongoni: Daktari hujuaje umekaa mahali pake?

Akina mama waja wazito wakisikia habari za epidurali, ile dawa ya kutuliza uchungu wa kuzaa inayopitishwa mgongoni, wengi huuliza kama sindano hiyo italemaza. Mimi ningependa uulize jambo jingine: daktari hujuaje kwamba mrija umekaa panapotakiwa?

Mahali penyewe ni padogo. Ni nafasi nyembamba iliyo ndani ya pingili za uti wa mgongo, nje kidogo ya utando unaofunika neva na maji yake. Daktari wa nusukaputi hupenyeza sindano polepole huku akisukuma maji ya chumvi. Akifika kwenye nafasi hiyo, ugumu hulegea ghafla. Hapo huingiza mrija mwembamba, akauacha ndani sentimita 4 au 5 hivi, kisha akaitoa sindano.

Lakini kulegea huko hakutoshi. Mishipa ya damu ya mama mja mzito hutanuka mahali hapo, na mrija unaweza kuingia katika mmoja wao, au ukatoboa utando na kufika kwenye maji. Dawa nyingi ikiingia katika damu, mwili waweza kutukutika kama wa mwenye kifafa na moyo kusimama. Ikiingia katika maji, ganzi yaweza kupanda hadi kifuani, mama akashindwa kupumua.

Kwa hivyo daktari huvuta kwanza kwa bomba la sindano aone kama damu au maji yatatoka. Yasipotoka, bado haamini. Hutia dawa kidogo ya kujaribia, mara nyingi mililita 3 za lignokeni yenye adrenalini. Mrija ukiwa katika damu, moyo huenda mbio kabla ya dakika moja kwisha. Na kwa kuwa uchungu nao huukimbiza moyo, jaribio hufanywa uchungu ukiwa umetulia. Mrija ukiwa katika maji, miguu huwa mizito katika dakika chache.

Hapa wewe ndiwe kipimo. Ukihisi ladha ya chuma mdomoni, masikio yakivuma, midomo ikifa ganzi au ukishikwa na kizunguzungu, sema papo hapo. Ukiambiwa uinue mguu, jaribu. Wengi wetu tumelelewa kusifu mwanamke anayezaa kimya. Katika jambo hili kimya ni hatari.

Baada ya dakika 20 hivi, utaguswa kwa barafu tumboni na mapajani, kulia na kushoto. Baridi isiposikika kuanzia kitovuni kwenda chini, mrija unafanya kazi. Upande mmoja ukibaki na uchungu, huvutwa nje kidogo. Isipofaa, hutolewa ukatiwa upya. Mrija waweza pia kuhama baadaye, ndiyo sababu huchunguzwa tena kabla ya kuongezewa dawa.

Hospitali nyingi humu nchini hazina huduma hii. Yako ikiwa nayo, uliza kliniki mapema kama daktari wa nusukaputi hupatikana usiku, na ni nani atakayekupima shinikizo la damu akishaondoka.