Tiketi ya Mwenzi: Cha Bure Kina Bei Gani?

Watu wengi hudhani kwamba kitu cha bure hakina bei. Mwanasayansi hawezi kuridhika na dhana hiyo mpaka aipime. Katika makala haya tutapima zawadi moja inayotangazwa sana ulimwenguni, nayo ni vocha ya mwenzi itolewayo na benki kwa kushirikiana na mashirika ya ndege. Sharti lake ni hili: ukitumia kiasi fulani cha fedha kwa kadi yao ya mkopo katika mwaka mmoja, utapewa vocha ambayo itamwezesha mwenzi wako kusafiri nawe kwa ndege pasipo kulipiwa nauli. Je, zawadi hiyo inalingana na matumizi yanayodaiwa? Hesabu inayohitajika haizidi ile ya kidato cha pili, lakini faida yake ni kubwa kwa kila mwenye mshahara.

Mfano wa saruji

Kabla ya kupanda ndege, hebu tuanzie dukani. Mkazi wa Chamwino anayejenga nyumba anaona tangazo: "Nunua mifuko 10 ya saruji, upate 1 bure." Wengi watasema kwamba amepunguziwa asilimia 10. Sivyo. Amelipa bei ya mifuko 10 akapata 11. Kwa hiyo punguzo ni 1/11, yaani asilimia 9.1.

Tena, tuseme mahitaji yake yalikuwa mifuko 7 tu, lakini akanunua 10 kwa ajili ya kupata zawadi. Sasa anayo mifuko 11, ambayo 4 haina kazi. Saruji ikikaa muda mrefu hushika unyevu na kuganda. Mtu huyu hakupata mfuko mmoja bure. Amelipia mitatu asiyoihitaji. Mfano huu mdogo una mambo mawili tutakayoyakuta tena katika vocha ya ndege: punguzo huwa dogo kuliko linavyoonekana, na sharti la kununua huweza kugharimu zaidi ya zawadi yenyewe.

Chanzo cha zawadi za ndege

Tarehe 1 Mei 1981 shirika la American Airlines la Marekani lilianzisha mpango wa AAdvantage, ambao uliwahesabia wasafiri maili walizosafiri na kuwazawadia tiketi. Mashirika mengine yalifuata haraka. Katika Afrika Mashariki, Kenya Airways ilianzisha mpango wake uitwao Asante Rewards mwaka 2022. Benki nazo ziliingia katika biashara hiyo: zilinunua maili kutoka kwa mashirika ya ndege na kuwagawia wateja wanaotumia kadi zao. Biashara hiyo imekua mno. Mwaka 2023 shirika la Delta la Marekani lilipokea karibu dola bilioni 7 kutoka kwa kampuni ya kadi ya American Express.

Msomaji atauliza: fedha hizo zote hutoka wapi? Mteja anapolipa dukani kwa kadi, mwenye duka hapokei fedha zote. Sehemu yake, ambayo katika Marekani hukaribia asilimia 2, hukatwa na kugawanywa baina ya benki na kampuni za kadi. Mwenye duka naye huongeza bei ya bidhaa ili kufidia makato hayo. Hivyo hata mnunuzi alipaye fedha taslimu huchangia safari ya mwenye kadi.

Kwa upande wa shirika la ndege, kiti kisicho na abiria ni mali inayopotea mara ndege inapoondoka. Kumpakia mtu mmoja zaidi katika ndege ambayo ingeruka hata hivyo huongeza gharama kidogo sana. Ndiyo maana vocha hutolewa kwa viti vinavyotazamiwa kubaki wazi, wala si kwa kiti chochote msafiri akitakacho.

Pamoja na hayo, mtoaji wa zawadi asipopiga hesabu vizuri huweza kuumia. Mwaka 1992 tawi la Uingereza la kampuni ya Hoover, watengenezaji wa mashine za kufyonza vumbi, liliahidi tiketi mbili za ndege kwa kila mtu atakayenunua bidhaa za pauni 100 au zaidi. Mwanzoni safari zilikuwa za Ulaya, kisha zikawa za Marekani. Watu walinunua mashine wasizozihitaji kwa sababu tiketi zilikuwa na thamani kubwa kuliko mashine yenyewe. Mpango huo uliigharimu kampuni karibu pauni milioni 50. Somo lilieleweka: sharti la matumizi lazima liwe kubwa kiasi cha kumlinda mtoaji. Kwa hiyo anapoona sharti kubwa, msomaji na akumbuke kwamba sharti hilo limekadiriwa na watu wenye kujua hesabu.

Kanuni ya vocha

Sasa tuandike kanuni. Tuite faida ya vocha F, bei ya tiketi T, kodi na tozo za uwanja ambazo mwenzi hulipa hata akiwa na vocha K, ada ya mwaka ya kadi A, riba ya deni R, hasara ya kununua vitu visivyohitajika H, na uwezekano wa kuitumia vocha kabla haijaisha muda wake p. Basi:

F = p(T – K) – A – R – H

Tuchukue mfano wa mwenye kadi anayeishi Dodoma na kusafiri Dar es Salaam. Tarakimu za kadi na ndege zifuatazo zimewekwa kwa ajili ya hesabu tu, wala si za benki au shirika lolote. Matumizi yanayodaiwa ni shilingi 12,000,000 kwa mwaka, yaani 1,000,000 kila mwezi. Tiketi ya kwenda na kurudi ni 500,000. Kodi na tozo ni 100,000. Ada ya kadi ni 150,000.

Ikiwa ana hakika ya kuitumia vocha (p = 1), hana deni, na hakununua kitu cha ziada, basi:

F = (500,000 – 100,000) – 150,000 = shilingi 250,000.

Hiyo ni faida, tena si ndogo. Lakini angalia kwamba vocha iliyotangazwa kuwa "tiketi ya 500,000 bure" imekwisha pungua nusu kabla safari haijaanza. Aidha, kama ipo kadi nyingine isiyo na ada ambayo hurudisha asilimia 1 ya matumizi, angepata 120,000 taslimu bila kusafiri popote. Faida ya kweli ya kuchagua vocha ni 130,000 tu.

Tuone sasa jinsi kila herufi inavyoweza kuigeuza faida kuwa hasara.

Riba. Katika Marekani wastani wa riba ya kadi za mkopo ulipita asilimia 20 kwa mwaka hapo 2023. Tukitumia kiwango hicho, deni la 1,250,000 lililokaa mwaka mzima huzaa riba ya 250,000, na faida yote hutoweka. Deni la 3,000,000 huzaa riba ya 600,000. Hapo mwenye kadi amepoteza 350,000 kwa ajili ya tiketi ya bure.

Uwezekano. Bila deni wala hasara nyingine, F haiwi chini ya sifuri mradi p isipungue 150,000/400,000, yaani 3/8. Sehemu hii yawahusu walimu hasa. Mwalimu hupata nafasi ya kusafiri wakati wa likizo, nazo ni Juni na Desemba. Desemba ndipo watu wengi husafiri kuwaona jamaa zao, na Juni ni kipindi cha Bunge la bajeti hapa Dodoma. Viti vya vocha ni vile vinavyobaki wazi, na katika miezi ya namna hiyo vinavyobaki ni vichache. Mtu awezaye kusafiri Jumanne yoyote ya Februari ana p kubwa. Mwalimu ana p ndogo.

Hasara ya manunuzi. Jambo hili ni zito kuliko yote. Katika mji wa Dodoma mahitaji mengi ya nyumbani hayalipwi kwa kadi. Mboga na unga katika soko la Majengo, nauli ya bodaboda na kodi ya nyumba hulipwa kwa fedha taslimu au kwa simu. Ikiwa familia hutumia 1,000,000 kwa mwezi lakini 400,000 tu ndiyo iwezayo kupita katika kadi, basi itapungukiwa na 600,000 kila mwezi, yaani 7,200,000 kwa mwaka. Ili kulifikia sharti, itabidi inunue vitu dukani ambavyo haikuvikusudia. Hata kama vitu hivyo vina nusu ya thamani kwao, H itakuwa 3,600,000. Hakuna tiketi ya mwenzi iwezayo kufidia hasara hiyo.

Thamani ya kitu ni ipi?

Hadi hapa tumeichukua T kama bei iliyoandikwa kwenye tiketi. Hapo pana kosa ambalo hata watu wenye elimu hulifanya. Thamani ya vocha kwako haiwezi kuzidi kile ambacho ungelipa kama vocha isingalikuwapo.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa husafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka huo kwa mtu mzima ilikuwa shilingi 31,000, na safari huchukua takribani saa nne. Watu wawili kwenda na kurudi ni 124,000. Kwa ndege, wakiwa na vocha, watalipa tiketi moja 500,000, kodi ya mwenzi 100,000 na ada ya kadi 150,000, jumla 750,000. Njia mbalimbali za safari ya watu wawili ni hizi:

Ndege bila vocha: shilingi 1,000,000
Ndege kwa vocha: shilingi 750,000
Treni: shilingi 124,000

Mfanyabiashara au mtumishi ambaye kwa vyovyote vile angenunua tiketi mbili za ndege ameokoa 250,000. Lakini mwalimu ambaye kwa kawaida angepanda treni pamoja na mkewe hakuokoa kitu. Ametumia 626,000 zaidi ili kuokoa saa chache. Pengine saa hizo zina thamani hiyo kwake, naye ana uhuru wa kuamua. Linalotakiwa ni aamue akiijua hesabu.

Kwa nini tunavutwa?

Wanasaikolojia wamechunguza jambo hili. Katika miaka ya 1930 Clark Hull wa Marekani aliona kwamba panya hukimbia kwa kasi zaidi kadiri anavyokaribia chakula mwisho wa njia. Mwaka 2006 Ran Kivetz na wenzake walionyesha kwamba binadamu hafanyi tofauti: wateja wa duka la kahawa waliokuwa wakijaza kadi ya vikombe 10 ili wapate kimoja bure walizidi kununua kwa haraka walipoukaribia mwisho. Mwaka huohuo Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio la mahali pa kuoshea magari. Kundi moja lilipewa kadi yenye nafasi 8 tupu. La pili lilipewa kadi yenye nafasi 10, mbili zikiwa zimekwisha gongwa muhuri. Makundi yote mawili yalibakiza mihuri 8. Hata hivyo, katika kundi la kwanza asilimia 19 walimaliza, na katika la pili asilimia 34.

Hali kadhalika, mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha jaribio la mnada wa tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu. Waliojua kwamba watalipa kwa kadi walitaja bei iliyofikia mara mbili ya bei ya waliotakiwa kulipa fedha taslimu. Mkono ushikao noti huhisi uzito wake. Mkono ushikao kadi hauhisi. Kwa hiyo H katika kanuni yetu haitokani na ujinga. Ni tabia ya binadamu, na dawa yake ni kuandika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hitimisho

Vocha ya mwenzi humfaa mtu mwenye sifa nne kwa pamoja: matumizi yake ya kawaida hulifikia sharti bila kuongeza kitu, hulipa deni lote kila mwezi, angenunua tiketi mbili za ndege hata bila vocha, na awezaye kubadili tarehe za safari. Ikikosekana sifa mojawapo, na apige hesabu upya. Kanuni hii hutumika pia kwa saruji, kwa vifurushi vya simu na kwa kila bidhaa yenye nyongeza ya bure.

Maswali ya kujipima

1. Duka latoa soda 1 bure kwa kila soda 5 zilizonunuliwa. Punguzo ni asilimia ngapi?
2. Katika mfano wetu wa kadi, tafuta F ikiwa p = 1/2 na hakuna deni wala hasara ya manunuzi.
3. Kwa muda wa mwezi mmoja andika matumizi yote ya nyumbani kwenu. Gawanya mafungu matatu: taslimu, simu na kadi. Je, sharti la shilingi 1,000,000 kwa kadi lingefikiwa bila kununua kitu kisichohitajika?