Kilo za Adhuhuri Kiembesamaki

Anayekodi jeti kuja Unguja kwa kawaida huuliza mambo mawili: ina viti vingapi, na saa moja ni dola ngapi. Lipo swali la tatu, nalo ndilo linaloamua kama pesa yake itamfikisha anakotaka: ndege hii ikiondoka hapa saa saba mchana, itabeba kilo ngapi? Biashara hii ni biashara ya uzito. Viti ni vilevile asubuhi na jioni, lakini kilo hubadilika kwa joto, upepo na mvua.

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, ulioko Kiembesamaki, una mengi ya kumpendeza rubani. Uko mita 16 tu juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia ina urefu wa takriban mita 3,000. Linganisha na Wilson ya Nairobi, kituo kikubwa cha ndege za kukodi: mita 1,690 juu ya bahari, na njia ya karibu mita 1,500 tu. Njia ya Unguja imelazwa kaskazini–kusini, na hilo ni bahati kubwa kwa pwani hii. Misimu ileile iliyoleta na kuondoa majahazi Forodhani ndiyo inayopanga upande wa kurukia: wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndege huelekea kaskazini, kusi ikishika, huelekea kusini. Upepo wa mbele humpunguzia rubani mita za kukimbia. Wa nyuma ukizidi kilomita 18 hivi kwa saa, jeti nyingi haziruhusiwi kuruka wala kutua.

Tatizo ni joto. Vitabu vya ndege huanzia kwenye hewa ya nyuzi 15 usawa wa bahari, na adhuhuri ya Februari Unguja hufika nyuzi 32. Kila nyuzi inayozidi huifanya hewa iwe nyepesi kana kwamba uwanja umepandishwa mita 36 hivi. Kwa hiyo uwanja ulio pembeni mwa bahari hufanya kazi kama uko mita 600 juu. Mabawa yanahitaji mwendo mkubwa zaidi ili yanyanyue, na injini nyingi za jeti, zilizoundwa kutoa nguvu kamili hadi kiasi cha nyuzi 30 usawa wa bahari, huanza kupungukiwa.

Wateja hudhani njia ndefu inatibu yote hayo. Haitibu. Jeti ya injini mbili ikipoteza injini moja wakati wa kuruka, kanuni inataka iweze kupanda angalau mita 24 kwa kila mita 1,000 za kwenda mbele, magurudumu yakiwa yameshakunjwa. Lami haisaidii hapo, maana ndege imeshaiacha. Kinachosaidia ni kupunguza uzito kabla ya kuwasha injini. Ndiyo maana rubani hukokotoa pia mwendo wa uamuzi, unaoitwa V1: hitilafu ikitokea kabla yake anafunga breki, ikitokea baada yake anaendelea kuruka. Uzito, joto na maji juu ya lami vyote huuathiri mwendo huo.

Chukua safari ya Dubai, kiasi cha kilomita 3,900 kwa mstari ulionyooka. Embraer Phenom 300, jeti ndogo maarufu, hutangazwa kufika kilomita 3,700 hivi ikiwa na watu watano. Lazima itue njiani kujaza mafuta. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi; Djibouti iko chini, lakini kiangazi chake hupita nyuzi 40. Mpangaji wa safari anachagua kati ya mlima na tanuri. Mwenye Gulfstream G550, inayofika kilomita 12,500, hana shida hiyo, ila analipia uwezo huo kila saa.

Tazama jeti ikijazwa mafuta. Mtu wa gari la mafuta hukinga kidogo kwenye chupa ya kioo, akaiinua kwenye mwanga kuhakikisha hakuna maji. Mita yake inasoma lita, rubani anahesabu kilo. Lita 1,000 ni kama kilo 800. Wakati huo abiria wanafika kutoka Mji Mkongwe na mabegi ambayo hayakutajwa, pamoja na kasha la njumu za shaba. Kilo 200 za ziada kwenye jeti ndogo ni karibu nusu saa ya mafuta. Dalali anayetaja bei bila kuuliza mizigo anamuuzia mteja safari ambayo huenda haipo.

Hoteli nazo zina mkono wao. Mgeni akitoka chumbani saa nne au saa tano, jeti yake inaruka joto likiwa kileleni. Safari ya saa kumi na mbili asubuhi, hewa ikiwa nyuzi 25, ingerudisha kilo nyingi bila gharama yoyote. Hili lingestahili kuzungumzwa mezani baina ya hoteli na mawakala.

Wakati wa kurudi, hesabu inahamia kwenye breki. Kwa ndege za abiria wa kulipa, kanuni inayotumika kwingi inataka jeti iweze kusimama ndani ya asilimia 60 ya njia. Lami ikilowa, urefu unaotakiwa huongezwa asilimia 15. Lazima pia rubani abakiwe na mafuta ya kufika uwanja mbadala. Dar es Salaam ipo kilomita 70 tu, lakini masika wingu moja laweza kuifunika miji yote miwili, na mbadala ukawa Mombasa, kilomita 240, au Kilimanjaro, karibu 390.

Unguja ina nafasi ya kutosha kwa hayo. Pemba ndiko kanuni inakobana. Jeti inayohitaji mita 850 kusimama hudai njia ya mita 1,417 ikiwa kavu, na 1,630 ikilowa. Njia ya Pemba kwa miaka mingi imekuwa ya mita 1,500 hivi. Kukiwa kukavu inatua. Mvua ikinyesha, mgeni wa Pemba anashushwa Unguja, anahamia kwenye Cessna Caravan, na malipo ya kuhudumia jeti yake yanabaki Kiembesamaki.