Mipira Mitatu Ikishatii: Mazoezi ya Kurusha na Kudaka Baada ya Hatua ya Kwanza

Anayejifunza kurusha na kudaka mipira mitatu kwa zamu hupitia siku nyingi za kuinama na kuokota. Kisha hufika siku ambayo mipira hutii. Macho huacha kuifukuza na hutulia mahali pamoja, pale mpira unapofikia kilele chake, na mikono hufanya kazi bila kuulizwa. Siku hiyo huwa ya furaha. Kwa wengi huwa pia siku ya mwisho ya kujifunza, kwani kuanzia hapo hurudia kile kile walichokimudu, dakika chache asubuhi na jioni, wakiamini kwamba ubongo unaendelea kunufaika kama ulivyonufaika mwanzoni.

Imani hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe inawahusu pia watu wasiowahi kushika mipira hiyo. Katika huduma za utengamao, mgonjwa hupewa karatasi ya mazoezi, huyafanya kwa bidii, huyamudu, na karatasi ile ile hubaki mkononi mwake kwa miezi. Maendeleo husimama, mgonjwa hudhani kwamba amefika mwisho wa uwezo wake, naye mhudumu huandika kwamba ari imepungua. Mara nyingine kilichokwisha ni ugumu wa zoezi.

Mchezo huu wa mikono umechunguzwa sana na wataalamu wa ubongo, kwa sababu ni rahisi kumpata mtu mzima asiyeujua kabisa na kumfundisha kuanzia mwanzo. Mwaka 2004, Bogdan Draganski na wenzake nchini Ujerumani walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya watu 24. Nusu yao walijifunza mipira mitatu kwa miezi 3, nusu hawakujifunza. Picha za MRI zilionyesha kwamba kwa waliojifunza, tishu ya kijivu iliongezeka katika sehemu ya ubongo inayotambua mwendo wa vitu mbele ya macho. Walipokaa miezi mingine 3 bila kufanya mazoezi, ongezeko hilo lilipungua. Mwaka 2008 utafiti mwingine ulionyesha kwamba watu wa umri wa miaka 60 hivi nao hupata mabadiliko ya namna hiyo, jambo linalofaa kuwafikia wazee wanaoambiwa kwamba kichwa kilichokomaa hakiingii kitu.

Utafiti wenye maana zaidi kwa mada hii ulichapishwa mwaka huo huo wa 2008 na Joenna Driemeyer na wenzake. Walipiga picha mapema kuliko watangulizi wao, wakaona mabadiliko ndani ya siku 7 tu, wakati wanafunzi wangali wakidondosha mipira. Walihitimisha kwamba kinachosukuma ubongo kubadilika ni kujifunza jambo jipya, zaidi ya kuendelea kurudia jambo lililokwisha kujulikana. Kurudia kuna kazi yake, kwani huhifadhi ustadi na hupunguza makosa. Lakini ubongo hujengwa zaidi na lile ambalo bado halijawezekana.

Hapa pana haja ya tahadhari. Tafiti hizi zilihusisha watu wachache, na waliopimwa walikuwa na afya njema. Kuongezeka kwa tishu katika picha hakumaanishi kwamba mtu ataikumbuka vema zaidi siku ya kliniki. Anayeuza mipira kwa ahadi ya kuzuia maradhi ya usahaulifu anasema jambo ambalo tafiti hizi hazikulithibitisha.

Basi aliyemudu mipira mitatu aende wapi? Katika mtindo wa msingi, kila mpira huvuka kwenda mkono wa pili, ukipita chini ya ule unaoshuka. Hatua nyepesi ya kwanza ni kuchagua mpira mmoja, wenye rangi tofauti na mingine, na kuurusha kila mara juu ya mingine badala ya chini yake. Mipira miwili iliyobaki huendelea na desturi. Mkono unaozoea kuachia mpira karibu na kitovu sasa hulazimika kuuachia upande wa nje, na mtu aliyejiona hodari hurudi kuokota. Akizoea, huirusha mipira yote mitatu kwa njia hiyo ya juu.

Hatua inayofuata hubadilisha wakati. Mipira miwili hupaa kwa pamoja, mmoja kila upande, wima kama nguzo. Ikianza kushuka, wa tatu hupaa peke yake katikati. Mtindo wa msingi huifanya mikono ipokezane. Huu huitaka ifanye jambo moja kwa wakati mmoja, kisha iachane. Baada yake hufuata mtindo wa mduara, ambamo mkono mmoja hurusha juu na mwingine hupitisha mpira upesi kwa chini. Karibu kila mtu huuweza kwa upande mmoja, kisha hujisahau. Kuujifunza kwa upande wa pili ni kazi mpya kabisa, nayo ndiyo yenye faida kubwa, ingawa ndiyo inayokwepwa zaidi. Walio na subira huendelea hadi mtindo ulioachwa na Mmarekani Steve Mills katika miaka ya 1970, ambamo mikono hupishana na kupishanuka huku mipira ikifuata, na mtazamaji hashiki nini kinakwenda wapi.

Wengi hukimbilia mpira wa nne mapema mno. Mipira minne kwa kawaida haivuki. Kila mkono huhudumia miwili yake. Asiyeweza kurusha miwili kwa mkono wake dhaifu, bila msaada wa mwingine, hajafika huko. Tena kuna sheria ya anga isiyobembelezwa: mpira uliorushwa mita 1 juu ya mkono hurudi baada ya sekunde 0.9 hivi. Anayetaka muda maradufu hana budi kuurusha mita 4. Ndiyo maana kuongeza idadi huchosha bega upesi, ilhali kubadili mtindo kwa mipira ile ile mitatu huchosha akili zaidi kuliko mwili.

Mtindo wowote mpya hugawanywa: kwanza mpira mmoja ufuate njia yake, kisha miwili, kisha mitatu kwa mzunguko mmoja tu na kusimama. Akishaujua kwa sehemu, mwanafunzi achanganye. Mwaka 1979, John Shea na Robyn Morgan walionyesha kwamba waliojifunza miondoko kadhaa kwa kuichanganya walifanya vibaya zaidi wakati wa mazoezi kuliko waliomaliza mmoja kabla ya kuanza mwingine, lakini walipopimwa siku 10 baadaye wao ndio waliokumbuka zaidi. Mhudumu anayehukumu zoezi kwa jinsi lilivyopendeza siku ile ile anaweza kulikataa lililo bora.

Watoto wanaocheza mdako hawahitaji kuambiwa haya. Akishamudu kokoto moja moja, mchezaji hudai mbili mbili, kisha tatu tatu, na hakuna anayekubali kubaki ngazi ya kwanza.

Kwa mgonjwa, vifaa viwe vifuko vidogo vya kitambaa vilivyojazwa mchele au maharage, kwani vikianguka havibingiriki. Asimame akiwa ameelekea kitanda, ili kinachoponyoka kiangukie godoro na kisimlazimu kuinama. Mwenye kizunguzungu, maumivu ya mgongo au historia ya kuanguka afanye akiwa ameketi. Aliyevunjika au kufanyiwa upasuaji wa mkono, bega au shingo asianze kabla ya kuruhusiwa na tabibu wake, na maumivu mapya begani ni sababu ya kuacha. Aliyepooza upande mmoja hapewi mipira mitatu. Huanza na kifuko kimoja kinachopita kutoka kiganja hadi kiganja, kisha hurushwa sentimita chache, kisha juu zaidi. Kila ngazi kati ya hizo kwake ni mtindo mpya sawa na ule wa Mills kwa mwenye mikono mizima. Zoezi hili huongezwa juu ya mpango wa utengamao, halichukui nafasi yake.

Katika karatasi ya mazoezi, pembeni mwa safu ya idadi ya marudio, panafaa safu nyingine ya mara ambazo kifuko kilianguka. Vikao viwili mfululizo vikipita bila hata kimoja kuanguka, zoezi lifuatalo liandikwe siku hiyo hiyo, kabla mgonjwa hajaondoka.