Jeni Zilikunjwa Kabla ya Kiini Kuwapo

Katika chemchemi za maji moto za Aisilandi huishi kijidudu kiitwacho Methanothermus fervidus. Hustawi kwenye joto la zaidi ya nyuzi 80 za Selsiasi na hutoa gesi ya methani. Si bakteria, wala seli yake haina kiini. Ni arkea, tawi la uhai ambalo Carl Woese na George Fox walilitenga na bakteria mwaka 1977. Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walitangaza kuwa kina histoni, protini zinazokunja DNA, za ukoo mmoja na zetu.

Seli ya kawaida ya binadamu yenye kiini ina karibu mita 2 za DNA ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Histoni nane hushikana, na DNA yenye jozi 147 za besi huzizunguka karibu mara moja na theluthi mbili. Kifurushi hicho ndicho nukleosomu.

Arkea hawaishii kwenye nane, na hapo ndipo pananivutia mno. Mwaka 2017 kundi la Karolin Luger, aliyeshiriki kubainisha umbo la nukleosomu mwaka 1997, lilionyesha histoni za arkea zikipangana mbili mbili, kila mbili zikibeba takriban jozi 30 za besi, na mzingo ukirefuka kama springi. Mpindo wa DNA yenyewe ni ule ule wa kwetu. Watafiti wakabadilisha asidi-amino moja tu, mahali ambapo mizingo hugusana, katika arkea mwingine, Thermococcus kodakarensis. Chakula kilipobadilika, seli hizo zilishindwa kurekebisha utendaji wa jeni zake ipasavyo. Kumbe kukunja DNA kulikwisha kuwa na kauli juu ya jeni ipi isomwe, hata bila kiini!

Usomaji nao ni wa ukoo huo huo. Protini ya TBP hushika alama ya TATA kwenye DNA, protini nyingine, TFB, huiunga mkono, kisha huja kimeng'enya cha kunukuu RNA, ambacho kwa muundo kinafanana zaidi na chetu kuliko na cha bakteria.

Nyongeza kubwa ya viumbe wenye kiini ni mikia ya histoni. Ikibandikwa kikundi cha kemikali kiitwacho asetili, chaji yake chanya hupungua, DNA hulegea, na jeni husomeka kwa urahisi zaidi. Histoni nyingi za arkea hazina mikia hiyo. Lakini katika kundi la Asgard, jamaa zetu wa karibu kuliko arkea wote wanaojulikana, zimepatikana jeni za histoni zenye mkia.