Je, sumaku inaotesha mfupa?

Mwalimu mmoja wa Malindi anayefundisha Kipsing, kaunti ya Isiolo, ameniuliza swali. Jirani yake, mfugaji, amevunjika mguu, na kuna mtu anamuuzia bangili ya sumaku akidai kwamba Ulaya sasa wanaotesha mifupa kwa sumaku. Ni kweli?

Kuna ukweli ndani yake, ila haumo katika bangili.

Mfupa uliovunjika kwa kawaida hujiunga wenyewe ukinyooshwa na kutulizwa. Tabu huwa pale kipande kizima kinapokosekana, kwa ajali, risasi au saratani. Pengo likiwa kubwa, seli za mfupa hazina pa kukanyagia. Hapo wataalamu huweka kiunzi, yaani kipande cha kauri chenye vitundu vitundu, kilichotengenezwa kwa kalisi na fosfeti kama mfupa wenyewe. Sisi wa pwani tutazame jiwe la matumbawe kwenye kuta za Mji wa Kale. Mwaka 1974 watafiti Roy na Linnehan wa Marekani walionyesha kwamba tumbawe lenyewe laweza kugeuzwa madini ya mfupa na vitundu vyake vikabaki.

Sumaku yaingia wapi? Kiunzi kikishazikwa mwilini, daktari hawezi kukiongezea kitu bila kupasua tena. Huko Faenza, mji wa wafinyanzi nchini Italia, kundi la Anna Tampieri lilieleza mwaka 2012 jinsi walivyotia chuma ndani ya madini hayo hadi yakavutwa na sumaku. Wengine huchanganya kauri na chembe za nano. Elfu moja zikipangwa mstari hazizidi unene wa unywele mmoja. Nia ni kwamba sumaku iliyo nje ya mwili ivutie kwenye kiunzi chembe zilizobeba dawa au vichocheo vya ukuaji, na seli nazo zisisimke zijenge upesi.

Lakini kazi hii kwa sehemu kubwa ingali maabarani na kwa wanyama. Na mguu wa huyo jirani hauna kiunzi cha kuvutwa. Anachohitaji ni eksirei, plasta au upasuaji, na gari la kumfikisha hospitali Isiolo mapema. Ikiwa mfupa umetokeza nje, asichelewe hata saa moja, maana uchafu huingia mfupani.

Mwalimu, mwambie jirani yako fedha ya bangili aifanye nauli. Shifaa ni ya Mwenyezi Mungu, na sisi tumeamrishwa kutafuta tiba.