Kwa nini daraja liwe na paa?

Anayeona kwa mara ya kwanza daraja lililoezekwa kama nyumba hudhani paa ni la kuwakinga wapita njia. Sivyo. Paa linakinga mbao. Maji ya mvua yakiingia kwenye maungio na kukaa humo, mbao huoza na daraja hulegea. Daraja lililoezekwa na kutunzwa linaweza kupita miaka mia.

Mfano ni daraja la Blenheim, kwenye mto Schoharie, mashambani mwa jimbo la New York, Marekani. Fundi Nicholas Powers alilijenga mwaka 1855. Lilivuka mita 64 hivi bila nguzo majini, likibebwa na fremu tatu za mbao, ile ya katikati ikiwa na tao kubwa. Wenyeji husimulia kwamba watu walimcheka Powers, na siku ya kuondoa miti ya kuegemezea alipanda akaketi juu ya paa: likianguka, waanguke pamoja. Halikuanguka.

Miaka ya 1930 daraja la chuma lilijengwa karibu yake, magari yakahamia huko. Wilaya haikulibomoa la zamani. Ililiachia waendao kwa miguu. Tarehe 28 Agosti 2011, mafuriko ya dhoruba Irene yalilibeba. Serikali kuu ilikataa kwanza kugharamia jipya, wilaya ikakata rufaa hadi ikakubaliwa. Mafundi walifuata michoro iliyokuwa imehifadhiwa, na mwaka 2018 daraja likasimama tena, safari hii juu zaidi ya maji.

Hilo linatuhusu nini huku kwetu? Daraja la miti likikatika, soko nalo linakatika. Vijiji vya ng'ambo mbili vinaanza kulaumiana: nani alipitisha lori zito, nani hakuja salongo. Mara nyingi mradi umekwisha fungwa. Kibao cha mfadhili kipo, lakini hakuna aliyepewa kazi ya kubadilisha ubao uliooza.

Kwa hiyo, kabla ya sherehe ya uzinduzi, kamati za ng'ambo zote mbili zikae pamoja na kuandika mambo matatu: nani atakagua mbao kabla ya majira ya mvua, fedha za matengenezo zitatoka wapi, na nani atatunza michoro. Karatasi hiyo isainiwe na pande zote. Ugomvi mwingi wa darajani huanza pale ambapo haikuandikwa.