Tiba Isiyo na Isnadi

Mtu akiulizwa kwa nini ameyaamini maneno ya tiba aliyoyasoma katika simu yake, aghalabu hutoa jawabu la heshima: kwamba alimtazama kwanza mwandishi ni nani, akaupima ujuzi wake, ndipo akakubali. Jawabu hilo halikukusudiwa kuwa uongo, lakini vitendo havilishuhudii. Mwaka 2002 Gunther Eysenbach na Christian Köhler walichapisha uchunguzi walioufanya Heidelberg, Ujerumani, ambamo watu walizungumza kwanza namna wanavyopambanua habari za siha mtandaoni, kisha watu 17 wakapewa kompyuta na maswali ya kutafutia majibu, huku wakitazamwa. Katika mazungumzo zilisifiwa asili ya habari, sura ya kitaalamu na lugha yenye kufahamika. Katika kutenda, kila swali lilipatiwa jibu kwa wastani wa muda usiotimia dakika sita, na hapana hata mmoja aliyefungua ukurasa unaoeleza wenye tovuti ni akina nani. Walipoulizwa baadaye, wachache mno waliweza kukumbuka jibu walilitoa tovuti gani.

Kusahau huko kulikwisha julikana zamani. Mwaka 1951 Carl Hovland na Walter Weiss, wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, waliwasomesha wanafunzi makala zile zile, mojawapo ikihusu dawa za mzio; baadhi wakaambiwa kwamba imetoka katika jarida la utabibu, na wengine kwamba imetoka katika gazeti la picha. Papo hapo jarida lilivuta watu wengi zaidi. Zilipopita wiki nne tofauti ile ilikuwa imetoweka, na kauli ya asiyeaminika imeongezeka nguvu, kwa sababu akili ilihifadhi neno ikamwacha msemaji.

Wanawake 15 wa Uingereza waliokuwa wakitafuta ushauri kuhusu kukoma hedhi na matibabu ya homoni, ambao Elizabeth Sillence na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northumbria waliwafuatilia, walionyesha upande mwingine wa jambo hili. Karibu kila tovuti waliyoikataa waliikataa kwa umbo lake: msongamano, matangazo, maandishi yenye kuchosha macho. Zile walizobaki nazo walizithamini kwa yaliyomo, hasa zilipokuwa na maneno ya wanawake waliofanana nao kwa umri na kwa masumbuko. Siwalaumu, maana mwenye kurasa elfu mbele yake hana budi kuanza kwa kutupa. Ila muuza dawa mlaghai naye anayajua hayo, na ukurasa mzuri haumgharimu fedha nyingi.

Huku kwetu pwani habari hizo mara nyingi hazitafutwi, huja zenyewe. Huja ujumbe wa sauti wa dakika mbili, katika kundi la WhatsApp la ukoo, ukisema kwamba daktari bingwa mmoja, asiyetajwa jina wala hospitali, amethibitisha kuwa vitunguu saumu vikichemshwa na malimau huzibua mishipa ya moyo, na kwamba mwenye kuusikia asiwanyime wenziwe. Aliyeuleta ni shangazi, na shangazi hajapata kututakia shari. Basi mapenzi yake huhesabiwa kuwa ushahidi. Wanazuoni wa hadithi walijihadhari na jambo kama hili karne nyingi kabla ya simu, wakaweka sharti la isnadi: kauli itanguliwe na majina ya waliopokezana, na kila jina lichunguzwe uaminifu wake na hifadhi yake, hata mcha Mungu mwenye kumbukumbu dhaifu asipokewe kwa uchaji wake tu. Ujumbe wa simu, kila unapopelekwa mbele, hulivua jina la aliyeuanzisha ukalivaa la aliyeuleta. Tangu Aprili 2020 WhatsApp huzuia ujumbe uliosambazwa mara nyingi usipelekwe ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati, nao huwa na mishale miwili. Alama hiyo huarifu kwamba umetembea sana, isiarifu umetoka kwa nani.

Maadamu asili imepotea, limebaki dai lenyewe, nalo lina njia ya kuchunguzwa. Nchini Uganda watafiti wa Makerere na wenzao wa Norwei walizigawa shule 120 za msingi mafungu mawili kwa bahati nasibu, zenye watoto zaidi ya elfu kumi, na fungu moja likafundishwa kwa kitabu cha hadithi za picha. Humo mtoto aliyeungua huambiwa kwamba kinyesi cha ng'ombe huponya, na wasomaji hufundishwa kuuliza: kikilinganishwa na nini? Maana jeraha dogo la moto hupona hata lisipopakwa kitu. Katika matokeo ya mwaka 2017 watoto 69 kwa mia wa fungu hilo walifaulu mtihani wa kupima madai ya tiba, na 27 kwa mia wa fungu la pili. Wazazi nao walisikilizishwa mafunzo ya namna hiyo kwa vipindi vya sauti, wakafaulu 71 kwa mia. Lakini ulipotimia mwaka walikuwa wameshuka hadi 47, ilhali watoto wamepanda hadi 80, na simu yenye kundi la ukoo, katika nyumba nyingi, imo mfukoni mwa mzazi.